Kaboni Iliyotumika Mara Moja

Chupa ilikuwa ya mtoto, yenye chuchu ya mpira na mistari myekundu ya kupimia. Ilikuwa Jumamosi mchana, nimetoka kazini saa sita. Mume wangu, Maganga, alikuwa amerudi na mtoto kutoka kupunga hewa, na kikapu chao kilikuwa mlangoni. Nikaitoa chupa. Ndani nyeupe. Nikamlaza Wakio mapajani, miezi saba wakati huo, nikadondosha tone moja nyuma ya mkono wangu kupima joto, kama tulivyofundishwa kliniki. Mtoto ameshafungua kinywa. Harufu ikanipanda puani. Tembo. Tembo la mnazi, la siku ile ile, jeupe kama maziwa, ndani ya chupa ya mwanangu.

"Usimpe," Maganga akasema. Alikuwa amesimama kwenye kizingiti na viatu mkononi.

"Nisimpe nini? Litaje."

"Mama Wakio, mji huu ni wa watu wa dini. Nikibeba chupa nyingine njiani wananitazama. Hiyo hakuna anayeitazama. Nilikuwa niioshe."

Alinieleza hivyo, taratibu, kama fundi anayeeleza namna alivyoziba bomba. Ndipo subira yangu ilipokatika. Miaka miwili nilikuwa nimemvua viatu, nimemdanganyia kazini kuwa ana homa, nimekula chakula kilichopoa. Siku hiyo niliimwaga chupa uani mbele ya jirani yetu Bi Mwanaisha, aliyekuwa akianika nguo zake, nikamwambia Maganga kwa sauti ya kusikika: siku nitakayoinusa tena chupa hii nikakuta tembo, navuka maji na mwanangu, napanda basi, naenda kwa mama yangu Taita, na usinifuate.

Nilikusudia hivyo. Wasichana, mkisoma yanayofuata mkumbuke hilo kwanza, maana kila nililofanya baadaye, la akili na la upumbavu, nililifanya nikiwa na chupa ile mkononi.

Nawaandikia ninyi mnaokalia sasa viti vyetu mbele ya mashine za taipu. Mimi nimestaafu. Nina miaka ishirini na sita, mnaweza kucheka, na mimba ya pili ilinipa ofisi sababu nzuri ya kunisindikiza mlangoni, ingawa sababu yenyewe si hiyo. Msichana aliyepewa kiti changu alikuja wiki iliyopita kuniuliza namna ya kubadili utepe bila kuchafua vidole. Nikamwonyesha: unavaa kipande cha gazeti kwenye kidole gumba, basi. Kisha akaniuliza kwa nini niliacha kazi. Hilo nikamwambia haliwezi kuonyeshwa kwa kidole gumba.

Kazi nilifundishwa na Bwana Pinto, Mgoa, karani mkuu, aliyekuja kazini na tai hata siku za joto la Februari. Alinikuta nimetoka sekondari na cheti changu na kiburi changu. Siku ya kwanza alinipa barua ya mistari minne nipige. Nikapiga. Akaichana. Mara sita aliichana bila kuniambia kosa liko wapi. Mara ya saba akasema, "Umeisoma?" Nikasema nimeipiga mwenyewe, kwa nini niisome. "Ndiyo maana," akasema. Nilikuwa nimekosea jina la aliyeandikiwa mara zote saba. Tangu hapo barua yangu naisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo, neno moja moja, maana ukiisoma kwa mpangilio wake akili inajisomea inachotaka. Fanyeni hivyo.

Lakini somo lake kubwa lilikuwa la kaboni. Siku moja aliingiza mkono kwenye mtoto wa meza yangu, yaani droo, akatoa karatasi ya kaboni, akaisimamisha dirishani. "Soma," akaniambia. Jua lilipita ndani yake, na barua nzima ya jana ikaonekana, herufi kwa herufi, kuanzia tarehe hadi cheo cha aliyetia sahihi. Kaboni mpya ikitumiwa mara moja inakuwa kama kioo. Ikitumiwa mara ya tano, ya sita, herufi zimekanyagana, hakuna anayeweza kusoma kitu.

"Barua ya siri," akasema Bwana Pinto, "usiipige kwa kaboni mpya. Na ukiipiga, ichome kaboni, si barua."

Nikamwambia nimeelewa. Nilidhani nimeelewa.

Sasa turudi kwa chupa.

Nilitafuta msaada kwanza mahali ambapo kila mtu angetafuta. Pasta wetu wa kanisa dogo alisema tuombe. Tuliomba, na Maganga akaitikia amina kwa sauti nzuri kuliko yangu. Dresa wa zahanati alinipa vidonge vya njano, nikamuuliza ni vya nini, akasema vya kumfanya alale. Nikamrudishia. Kulala alikuwa analala sana tayari. Kwa wakubwa wake wa kazi sikuweza kusema. Maganga ndiye aliyekuwa fundi wa injini ya mashua ya serikali, anapeleka maofisa na dawa visiwani, Kizingitini, Ndau na kwingineko, na fundi mlevi juu ya maji si jambo la kupewa onyo.

Siku ya nne baada ya chupa, Bi Mwanaisha alinisubiri kisimani. Tangu siku ile hakuwa amesema neno. Alivuta buibui lake mdomoni akasema kwa upole, "Mpeleke akashone."

"Akashone nini, Bi?"

"Kofia. Kwa Bwana Athmani, mtaa wa Langoni. Jumatano na Jumamosi, baada ya sala ya alasiri."

"Bi Mwanaisha, mume wangu anakunywa. Sikusema hana kazi."

"Nilisikia uliyosema, mui mzima ulisikia." Akabeba ndoo yake. "Ndia unaiyua. Mpeleke akashone."

Kwao mji ni mui, njia ni ndia, na kujua ni kuyua; maneno niliyaelewa, lakini nilihisi nimechezewa. Mwanamke wa Lamu hakwambii kitu moja kwa moja kama anaweza kukizungusha, na mimi kwetu tunasema ng'ombe ni ng'ombe. Lakini nilikuwa sina pengine. Nikampeleka Maganga hadi mlango wa Bwana Athmani kama mtoto wa darasa la kwanza. Mlango ukafunguliwa kidogo, mkono ukamvuta ndani, ukafungwa. Nikabaki barabarani na punda wawili wa mtu.

Alirudi kabla ya magharibi. Nikamnusa. Hakuna kitu. Nikamtazama vidole: vimechomwa chomwa, vina matone ya damu.

"Mmefanya nini?"

"Tumeshona."

"Nini kingine?"

"Kahawa."

"Mmezungumza nini?"

"Mambo ya watu."

Wasichana, mimi si mtu wa kuamini upesi, na mume aliyeweza kuficha tembo ndani ya chupa ya mtoto anaweza kuficha chochote ndani ya kofia. Wiki ya kwanza nilidhani kuna mwanamke. Ya pili nilidhani wanapitisha magendo, maana mwenye duka mmoja alikuwa akiingia pale na mfuko. Ya tatu nikadhani wanamsilimisha. Mama mkwe wangu angenila nyama. Nilimpekua mifuko. Nilipima mafuta ya taa kuona kama amechota ya kuuza. Chupa ya Wakio niliinusa asubuhi, mchana na jioni, hata siku ambazo ilikuwa mikononi mwangu mwenyewe tangu kulipokucha. Ilinuka maziwa. Hilo nalo likanitia shaka. Mtu haachi hivi hivi.

Jumamosi ya nne nilimbeba mtoto nikaenda nikagonga.

Bwana Athmani alifungua mwenyewe. Mtu wa makamo, mwembamba, amevaa miwani iliyofungwa uzi upande mmoja. Aliuza kofia zilizoshonwa kwa mkono, zile nyeupe zenye vitundu vidogo vidogo, kila kitundu kimezungushiwa uzi. Kofia moja nzuri inaweza kuchukua miezi. Nyuma yake, chumbani, niliwaona wanaume saba wamekaa mkekani, vichwa vimeinama. Maganga. Koplo Otieno wa polisi, mtu mkubwa kama kabati, ameshika sindano kama anashika nzi kwa mbawa. Mwalimu mmoja wa bara. Mwenye duka. Seremala wa mashua aliyekuja na punda kutoka Matondoni. Wengine wawili sikuwajua.

"Nani mlevi hapa?" nikauliza.

Hakuna aliyeinua kichwa. Sindano zikasimama.

"Karibu, Bi," Bwana Athmani akasema. "Keti hapo karibu na mlango, upate upepo wa mtoto."

"Nimeuliza."

"Mimi nimemsindikiza Mwalimu," akasema Koplo Otieno.

"Mimi nimemsindikiza huyu," akasema Mwalimu, akimwonyesha seremala.

Seremala alimsindikiza mwenye duka. Mwenye duka alimsindikiza yule nisiyemjua. Wakazunguka chumba hivyo, hadi kwa Maganga, mume wangu mimi, akanitazama usoni bila haya akasema, "Nami nimemsindikiza Bwana Athmani."

"Na Bwana Athmani?"

"Bwana Athmani amemsindikiza Koplo," akasema Bwana Athmani. "Kahawa utakunywa?"

Nilikaa. Si kwa sababu ya kahawa. Nilikaa kwa sababu nilitaka kuujua ule ujanja hadi mwisho wake. Na niliporudi Jumatano, na Jumamosi iliyofuata, mtoto mapajani, hakuna aliyenifukuza.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, na nawaeleza kama nilivyoiona, si kama nilivyoielewa, maana kuelewa kulichelewa. Walishona. Hakuna aliyesema neno "mimi" na neno "pombe" pamoja. Walisema "rafiki yangu". Rafiki yake Koplo aliwahi kuuza buti za serikali. Rafiki yake Bwana Athmani alikuwa mpishi wa meli, akaachwa bandarini mara tatu kwa sababu ya chupa, mara ya tatu akiwa na kiatu kimoja. Rafiki yake Maganga, hilo nililisikia kwa masikio yangu, alibeba kitu fulani katika chombo cha mtoto, na mkewe akamwaga mbele ya jirani, na rafiki huyo hajaweza kumtazama mtoto wake machoni mpaka leo. Nilijifanya namfunga Wakio nepi.

Kabla ya kuondoka, kila mtu alimpa kitambaa chake yule aliyesema amemsindikiza. Huyo alikipeleka mlangoni kwenye mwanga, akavitazama vile vitundu. Mkono wa mtu aliyekunywa jana, hata awe amejiosha na kutafuna karafuu, hauwezi kuzungusha kitundu cha ukubwa wa punje ya mtama. Uzi unayumba. Kitambaa kinasema. Basi msindikizaji alikitazama, akasema "kizuri" au akasema "kesho nitakupitia nyumbani". Hayo tu. Mtu aliyeambiwa "nitakupitia nyumbani" alipitiwa kesho, na kesho kutwa, mpaka vitundu vikanyooka.

Siku moja Bwana Athmani alinipa na mimi kipande. "Usikae bure, Bi."

Mimi nilisoma ushonaji shuleni, nikapata alama za juu. Nilishona saa nzima. Nilipompa akakitazama, akacheka chinichini, akampa Koplo, Koplo naye akacheka. Vitundu vyangu vilikuwa vibaya kuliko vya wote.

"Mimi sijawahi kuonja tembo maishani mwangu," nikasema.

"Nayua," akasema Bwana Athmani. "Hasira nayo hutetemesha. Kesho Maganga atakupitia nyumbani."

Wakacheka wote, na Maganga pia, na ilikuwa mara ya kwanza kwa muda mrefu kumsikia akicheka mchana. Ningecheka nao mambo yangekwisha vizuri. Mimi nikakasirika. Niliona wananifanya mjinga. Watu wanane, wote wasindikizaji, hakuna msindikizwa. Katika ofisi yoyote hesabu ya namna hiyo inarudishwa. Nani anamjibu nani? Siku Maganga asipofika nimuulize nani? Hakuna daftari, hakuna orodha, hakuna aliyetia sahihi. Nikajiambia kazi yangu ni kupanga, nitawapangia.

Jumatatu wakati wa chakula cha mchana, ofisi ikiwa tupu, nikaweka karatasi kwenye mashine. Juu, kwa herufi kubwa: ORODHA YA WALEVI NA WASINDIKIZAJI WAO. Chini yake safu tatu: jina, kazi, hali. Kwa kuwa wenyewe walikataa kusema nani ni nani, niliamua mimi, kwa kuvikumbuka vitambaa vyao. Vitundu vibaya, mlevi. Vitundu vizuri, msindikizaji. Bwana Athmani mwenyewe vitundu vyake vilikuwa kama vimetobolewa na malaika, lakini kwa kuwa nilikuwa nimeshamjua rafiki yake mpishi wa meli, nikamwandika mlevi. Niliona nimetenda haki. Mistari ilinyooka. Bwana Pinto angeisifu pambizo yake.

Nilipiga na nakala moja, moja yangu, moja ya kumpa Bwana Athmani. Kaboni za zamani zilikuwa zimechakaa, nikafungua boksi jipya. Nikazitoa karatasi mbili, nikazikunja, nikazitia kifuani ili asizione mtu. Nilijisikia mwerevu. Kaboni nikairudisha kwenye mtoto wa meza.

Bwana Pinto alikuwa ameshaondoka nchini wakati huo. Mahali pake palikuwa na utaratibu mpya, na ofisi, pamoja na mashua ya serikali, ilikuwa chini ya mkubwa mpya kutoka bara, kijana msafi, mwenye kalamu tatu mfukoni. Ilikuwa miaka ya mashifta, wale waasi wenye bunduki, upande wa pili wa maji. Kila mkutano ulitakiwa kuwa na kibali, na kila mlango uliofungwa mchana ulikuwa na mtu wa kuushangaa. Sikuwa mimi peke yangu niliyejiuliza wanaume wale wanafanya nini kwa Bwana Athmani.

Jumatano sikwenda kazini, Wakio alikuwa na homa, na Maganga alirudi nyumbani saa nne asubuhi. Hakuwa amelewa. Ningependa awe amelewa, ningejua la kufanya. Alikaa juu ya kitanda akiwa na kofia ya kazi kichwani.

"Wamenitoa kwenye mashua," akasema.

"Nani?"

"Wewe."

Nikamtazama.

"Mkubwa ana karatasi nyeusi, anaisimamisha dirishani. Amenisomea. Namba nne, fundi wa mashua, mlevi. Ameniuliza, huu ndio mkutano wenu? Nikamwambia tunashona kofia. Akasema, polisi, mwalimu na fundi wa serikali wanajifungia ndani kushona kofia, mnaniona mjinga?" Akavua ile kofia ya kazi akaiweka chini. "Mimi sikuwa nimekunywa siku arobaini na tatu. Nilikuwa nahesabu. Sikukwambia kwa sababu ungeninusa."

Nilikwenda ofisini na kanga yangu ya nyumbani, sikubadilisha. Mkubwa alisimama nilipoingia. Alitabasamu, na hilo ndilo sitamsamehe.

"Mama Wakio, umetusaidia sana," akasema. "Tulikuwa tunajiuliza kuhusu nyumba ile."

"Nani amekuruhusu kufungua mtoto wa meza yangu?"

"Meza ni ya ofisi."

"Karatasi ni yangu."

"Karatasi, ndiyo, umeichukua. Kaboni ni mali ya ofisi." Alisema bila ukali, kama anavyosema mtu aliyeshinda. "Na mashine. Na saa ile ya mchana, tukitaka kuhesabu. Mimi sikuuliza ulikuwa unafanya nini. Nimesoma tu kilichoandikwa. Wewe mwenyewe umeandika mlevi. Ningefanyaje, nimwache mlevi abebe watu baharini?"

Nikageuka, nikatoka. Wasichana, hakuna kitu kichungu kama kupigwa kwa maneno yako mwenyewe, yamepigwa taipu vizuri, pambizo imenyooka.

Jumamosi mlango wa Bwana Athmani ulikuwa umefungwa kwa kufuli. Nilienda tena Jumatatu, nikagonga hadi akafungua. Hakunikaribisha. Alisimama kwenye daka, kile kibaraza cha mlangoni mwake, miwani mkononi.

"Bi, orodha yenyewe sikuiyona," akasema. "Nimeambiwa tu. Mimi niko upande upi?"

Ningeweza kudanganya. "Walevi," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, kama mtu anayepokea hesabu iliyo sawa. "Ni kweli. Lakini miaka kumi na moya hakuna aliyepata kunambia. Wakwe zangu sasa wamesikia. Wametuma mtu kuuliza, kwa adabu." Akavaa miwani. "Ulitaka kuyua nani amemleta nani. Ungeniuliza mimi, Bi. Kila mmoya alikuya akiwa ameleta mwendake, kwa sababu mtu ambaye ameleta mwendake hawezi kulala ndiani. Sasa umewaambia wao ndio walioletwa. Mtu aliyeletwa huondoka."

Na waliondoka. Koplo alihamishiwa kituo kingine. Seremala hakurudi mjini mwezi mzima. Bi Mwanaisha alianika nguo zake akiwa amenipa mgongo. Nyumbani, Maganga alishinda ndani bila kazi. Alasiri moja nilimkuta ameitoa chupa ya Wakio rafuni. Aliiosha. Akaikausha, akairudisha. Baada ya muda akaitoa tena, akaiosha tena. Nilisimama nyuma ya pazia nikahesabu mara nne. Mti wa mgema ulikuwa mwendo wa nusu saa, na hakukuwa na mtu yeyote duniani wa kuja kumwambia "nitakupitia nyumbani".

Nikatoka nyuma ya pazia. Nikachukua kitambaa chake cha kofia, nikakipeleka mlangoni kwenye mwanga. Vitundu vya juma lile vilikuwa vimenyooka. Nikasema, "Kizuri." Aliirudisha chupa rafuni na safari hii haikutoka tena.

Hilo lilinipa siku moja, si zaidi. Kama ningetaka asiyumbe nilipaswa kumrudishia mashua yake na chumba chake, na njia ilikuwa moja tu: kulishtaki lile jambo kwa walio juu ya mkubwa wetu, kwa maandishi. Tatizo ni kwamba sikuweza kusema amefanya nini bila kusema nimefanya nini. Mashine ya ofisi, kaboni ya ofisi, majina ya watu. Nilijua barua hiyo ikifika juu, kiti changu kimekwisha. Bwana Pinto alinifundisha kuwa barua ya malalamiko isiyotaja kosa la mwandishi inasomwa mara moja tu. Nilitaka yangu isomwe mara mbili.

Mnataka kujua ilikwendaje, nawaambia sasa ili barua ibaki mwisho, mahali pake. Alikuja mtu kwa ndege, akakaa siku mbili, akauliza maswali kwa upole. Koplo hakurudishwa. Maganga alirudishwa kwenye mashua, kwa majaribio. Mimi niliitwa nikaambiwa, hali uliyo nayo, Mama Wakio, ni bora upumzike nyumbani. Kwa Bwana Athmani wanashona tena, katika chumba cha nyuma, na mimi sijakaribishwa, nao wana haki. Namsindikiza Maganga hadi kona, narudi. Kofia yake ya kwanza imekwisha, mbaya, upande mmoja umevutika. Anaivaa nyumbani. Na mimi bado nainusa chupa, ya mtoto wa pili sasa. Sitawadanganya kuwa nimeacha.

Barua niliipiga Ijumaa saa tano asubuhi, ofisi ikiwa imejaa, mbele ya kila mtu. Niliisoma kutoka mwisho kwenda mwanzo. Niliifunga mwenyewe, nikaipeleka kwa mkono, nikasubiri ipigwe mhuri wa kupokelewa. Hii hapa.

Kwa Mkuu wa utawala, makao ya jimbo.

Bwana,

MALALAMIKO KUHUSU ORODHA ILIYOSOMWA KWENYE KABONI

1. Mimi ni mpiga taipu wa ofisi hii. Tarehe iliyotajwa katika faili nilitumia mashine, karatasi mbili na kaboni moja ya ofisi kupiga orodha isiyo ya kazi. Hilo ni kosa langu na silikani.

2. Katika orodha hiyo nimewaandika watu wanne kuwa walevi. Hakuna aliyenituma. Sikumwona hata mmoja wao amelewa mahali pale. Niliwahukumu kwa ushonaji wao. Mimi mwenyewe nilishona vibaya kuliko wote, na jina langu sikuliandika. Orodha hiyo si ushahidi wa kitu chochote isipokuwa tabia ya aliyeiandika.

3. Mkubwa wa ofisi hii alitoa kaboni kwenye mtoto wa meza yangu nikiwa sipo, akaisoma dirishani, akamwondoa fundi wa mashua kazini bila kumpima, bila kumuuliza nahodha wake, na bila kuniuliza mimi niliyeandika. Kisha akayatoa majina hayo nje ya ofisi, kwa watu wasiohusika. Ninalalamikia hilo.

4. Mkutano unaosemwa kuwa hauna kibali ni watu wanaoshona kofia. Nimehudhuria mara nne pamoja na mtoto wangu. Kila aliyekuwapo alikuja kumsindikiza mwenzake. Mimi peke yangu sikusema nilikuja kwa nini. Nasema sasa. Nilikuja kumsindikiza mume wangu.

5. Naomba fundi arudishwe kwenye mashua, na watu hao waachwe washone.

Wako mtiifu,
Mama Wakio, mpiga taipu.

Nakala kwa:
Mkubwa wa ofisi.
Faili.
Kaboni, mpya, iliyotumika mara moja: imeachwa kwenye mtoto wa meza, mahali inapojulikana.